Mutoto wenu anaandika wapi?

Wazazi wapendwa, ninyi baba na mama wa Kindu, wa Kalima, wa Kailo na wa Punia, mwezi huu tunawaletea ulizo dogo. Musikimbilie kulijibu. Jioni ya leo, wakati mutoto wenu atatoka ku masomo na kaye zake mukononi, ataketi wapi kufanya kazi ambayo mwalimu amemupa?

Wengi watasema: "Ataandika tu. Si nyumba ni yake?" Ndiyo, nyumba ni yake. Lakini tuangalie ginsi mambo yanavyokuwa. Meza ni moja, na juu yake kuna sufuria, sahani na radio. Kiti cha Baba hakiguswi. Chumba cha kulala kina giza hata katikati ya muchana. Ku barza wageni wanazungumza. Mutoto anazunguka na kaye yake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishoni analala kifudifudi juu ya mukeka, anaandika mistari miwili, mudogo wake anamurukia mugongoni, biki inapasua karatasi. Mara sauti ya Mama: "Wacha ile kwanza, ende kuchota maji!" Wakati anarudi, jua limekwisha kuzama.

Kesho yake mwalimu anaomba kazi. Mutoto anasimama, ananyamaza. Wenzake wanacheka. Mwalimu anafikiri ni muvivu. Wazazi, wakipata habari, nao wanafikiri ni muvivu. Kumbe hakuna muvivu hapa. Kuna mutoto tu ambaye nyumbani kwao kila kitu kina pahali pake, maji, kuni, muchele, hata jembe, lakini kaye haina pahali.

Kinachopotea ni nini?

Hakuna muzazi mwenye anaamka asubuhi moja na kusema: "Leo ninatoa mutoto wangu ku masomo." Mambo yanakuja pole pole. Kwanza kazi moja isiyofanywa, kisha tatu. Kisha mutoto anaanza kuumwa tumbo kila siku ya hesabu. Kisha anaondoka nyumbani na kaye lakini hafiki ku kalasi. Na katika inchi yetu ya madini, mutoto aliyekimbia kalasi hakosi mutu wa kumupokea. Ku kariere kuna muchanga wa kubeba, kuna mawe ya kuponda, kuna kasiterite ya kuosha mutoni. Siku ya kwanza anarudi na franga kidogo, ananunua mukate, anampa Mama sabuni. Mama anafurahi na anaogopa pamoja. Mwaka unaofuata, ni nani atamurudisha ku benchi?

Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumutia mutoto katika kazi zinazoharibu afya yake, masomo yake na tabia yake. Ni sheria nzuri. Lakini sheria haikai nyumbani kwenu saa kumi na moja ya jioni. Ninyi ndio munakaa.

Tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, Serikali ilitangaza kwamba masomo ya musingi ni bure katika shule zake, pamoja na zile zinazosimamiwa na makanisa. Watoto wengi walifika ku kalasi. Ni furaha, lakini kalasi zilijaa. Mwalimu mwenye watoto wengi hivi mbele yake hawezi kukaa karibu na kila mumoja na kumushika mukono. Kile ambacho mutoto hakushika vizuri asubuhi, ni lazima akirudilie jioni. Basi saa moja ya nyumbani leo ina bei kubwa kuliko zamani.

Tena kuna jambo la lugha. Katika kalasi za kwanza mutoto anafundishwa kwa Kiswahili chetu, lugha ya nyumbani. Kisha Kifaransa kinachukua nafasi, na mutoto mwenye alikuwa anajibu vizuri anaanza kunyamaza. Hapo anahitaji kusoma kwa sauti, kurudilia maneno, kukosea bila kuchekwa. Atakosea wapi kwa amani kama si nyumbani?

Tusingoje kampuni

Wazee wa Kalima wanapenda kutukumbusha wakati wa Sominki, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1976. Kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, hospitali, masomo ya watoto wao. Mwaka wa 1985 bei ya bati katika dunia ilianguka, na mwaka wa 1997 kampuni ilifikia mwisho wake. Wengi wetu tulibaki na tabia ya kungojea: siku moja kampuni itakuja, italeta umeme, italeta meza.

Ndugu musomaji, kampuni ikija, tutashukuru. Lakini mutoto wa kalasi ya tano hawezi kungoja. Miaka miwili tu, na anafika ku mutihani wa mwisho wa kalasi ya sita. Na jambo tunalolisema hapa halihitaji kampuni. Linahitaji kibao kimoja, saa moja, na neno moja la wazazi ambalo watu wote wa nyumba wataliheshimu.

Jambo la kwanza: saa

Pengine mulifikiri tutaanza na meza. Hapana. Tuanze na saa, sababu mwangaza wa bure tunao, lakini tunautupa.

Kindu yetu iko karibu na ekweta. Ndiyo maana mwaka muzima jua linazama karibu wakati ule ule, kisha saa kumi na mbili ya jioni, na giza linaingia mbio. Mutoto anayesoma asubuhi ana muchana wote mbele yake. Lakini yule anayesoma muchana anaweza kufika nyumbani saa kumi na moja, na akiwa ni wa Alunguli na masomo yake yako ngambo ya Kasuku, angojee tena mutumbwi wa kuvuka Lualaba. Amebaki na saa moja tu ya mwangaza. Saa ile ile moja tunamutuma maji, tunamutuma chumvi, tunamutuma kwa shangazi.

Basi mupime. Andikeni siku moja ya mutoto wenu, tangu kuamka mpaka kulala, na mutazame mwangaza wa jua unakwenda wapi. Kwa mutoto wa asubuhi, apumuzike, ale, acheze kidogo, kisha saa tisa au saa kumi aketi. Kwa mutoto wa muchana, afazali aandike asubuhi yake, kichwa kikiwa baridi, mbele ya kwenda masomo. Maji na kuni zitafutiwe saa ingine.

Muda wenyewe musiuvute sana. Kwa wadogo wa kalasi ya kwanza na ya pili, nusu saa inatosha. Kwa wakubwa, saa moja, au zaidi wakati wa mitihani. Mutoto aliyekaa saa tatu na usingizi machoni hasomi, anateswa. Lakini saa ile ikae ni ile ile kila siku. Mwili unazoea. Hata wageni watazoea.

Jambo la pili: pahali

Katika nyumba zetu nyingi pahali pazuri pa kuandikia si ndani, ni ku barza. Kuna mwangaza, kuna hewa, na Mama anaweza kutazama akiwa jikoni. Chagueni kona moja ya barza ambayo mvua haifiki na ambayo haiko njiani mwa watu. Kama hamuna barza, chini ya dirisha. Kama dirisha ni dogo, karibu na mulango. Mutoto akae namna mwangaza utoke upande wake wa kushoto, hivi kivuli cha mukono hakianguki juu ya mistari. Kwa mwenye kuandika na mukono wa kushoto, mugeuze, mwangaza utoke kuume. Na huyo wa mukono wa kushoto musimupige wala musimufunge mukono. Mungu amemuumba hivyo.

Pahali hapo pakisha kuchaguliwa, patangazwe. Baba aseme mbele ya wote: "Hapa, saa ile, ni pa kaye." Radio inapunguzwa. Wageni wanasalimiwa na kupelekwa upande mwingine. Wadogo wanachukuliwa na mutu mukubwa. Anayetaka kumutuma mutoto angoje. Mukifanya hivyo wiki mbili, mutaona kwamba ukimya haununuliwi. Unaamriwa tu, na mwenye kuamuru ni wa kwanza kuufuata.

Jambo la tatu: kibao

Kama munaweza kulipa seremala, mulipe. Lakini asiye na feza asikate tamaa. Kibao kimoja kilichopanguswa vizuri, kikiwekwa juu ya matofali au juu ya vigingi vine vya muti vilivyopigwa ndani ya udongo, ni meza. Mianzi iliyopasuliwa na kufungwa ni meza, lakini juu yake muweke kipande cha karto au kibao chepesi, sababu biki itaingia kati ya mianzi. Hata kibao cha kuweka juu ya magoti, kwa mutoto aliyeketi ku kiti kidogo, ni bora mara kumi kuliko kulala kifudifudi.

Muangalie urefu. Meza ya watu wakubwa inamuinua mutoto mabega mpaka ku masikio, na mukono unachoka mbele ya kazi kumalizika. Musitafute metre, mwili wa mutoto ndio kipimo. Aketi, miguu yake yote miwili ikanyage chini sawasawa. Kiwiko chake kifike juu ya kibao bila kuinua bega. Na kati ya macho na kaye kubaki nafasi sawa na kutoka kiwiko mpaka ngumi yake. Kwa mutoto wa miaka saba, kiti kinakuwa karibu santimetre 30, na kibao karibu 55. Kwa wa miaka kumi na mbili, kiti karibu 38 na kibao karibu 64. Akikua, muongeze tofali.

Halafu kaye zenyewe. Panya, mbuzi, mchwa, mvua na mudogo anayejifunza kutambaa, wote wanapenda karatasi. Pigeni musumari mumoja ku ukuta, juu kuliko mikono ya wadogo, na mutundike mufuko wa plastiki unaofungwa. Kila kaye na biki yake ndani. Kaye zifunikwe na karatasi ngumu ya mufuko wa simenti, upande safi uwe inje. Mutoto akimaliza, anarudisha vyote ku musumari. Hivi asubuhi hakuna kulia: "Nani amebeba kaye yangu?"

Kwa wale wanaojifunza kuandika, tablo ndogo inaokoa karatasi nyingi. Sageni makaa ya kuni yawe unga, muchanganye na uji mwembamba wa muhogo, mupake juu ya kibao laini, kikauke ndani ya jua, mupake tena. Chaki ikikosa, kipande cha muhogo mukavu kinaandika vizuri. Lakini musiwaache watoto wapasue batri za zamani za tochi ili kupata ule unga mweusi. Unga ule una sumu, na watoto wanapeleka vidole kinywani.

Jambo la ine: taa

Usiku ukifika na kazi haijaisha, taa inahitajika. Hapa tuwe waangalifu, sababu hapa watoto wanaungua.

Taa ya mukebe yenye utambi isiwekwe juu ya kibao ambacho wadogo wanaweza kusukuma. Iwekwe juu ya sahani ya chuma, mbali na pazia, majani ya nyumba na nywele za mutoto. Musiongeze petroli wakati taa inawaka. Na esansi ya moto isichanganywe na petroli ya taa hata kidogo: inalipuka. Moshi nao unakula macho na kifua, basi mulango ubaki wazi. Mutoto avae nguo ya mikono mirefu, sababu mbu wa malaria anatafuta watu usiku, na akimaliza aingie moja kwa moja ndani ya musikitere.

Nyumba nyingi leo zina tochi ndogo au taa ya jua. Ni bora kuliko moshi. Taa ya jua itolewe asubuhi, iwekwe pahali ambapo kivuli cha mwembe hakitaifikia muchana, na kioo chake kipanguswe vumbi. Jioni, mufunge kamba juu ya pahali pa kuandikia na kuitundika, isimulike machoni.

Sasa neno kwa akina baba. Batri ni moja, na watu wanaoitaka ni wengi: telefone ya Baba, telefone ya kaka, radio, taa. Nani ni wa kwanza? Amueni leo: saa ya kwanza ya taa ni ya kaye. Kinachobaki, mugawanye. Telefone isiyo na moto itawaka kesho. Mutoto aliyekosa kujifunza mwaka wote, mwaka ule hautamurudilia.

Na musichana wetu?

Tuseme ukweli mbele ya Mungu. Katika nyumba nyingi, kijana anaketi na kaye, na dada yake mwenye kalasi ile ile anatwanga sombe, mutoto mugongoni. Mwisho wa mwaka tunatazama buletini na kusema: "Musichana hana akili ya hesabu." Akili alikuwa nayo. Hakupewa saa.

Tufikiri mama mumoja mwenye watoto wane, baba yao yuko ku kariere. Atafanya nini? Hawezi kutwanga, kuchota na kupika peke yake. Basi agawanye: leo kijana anachota maji na dada anaandika, kesho dada anachota na kijana anaandika. Mukubwa anabeba mutoto muchanga nusu saa, kisha mwingine. Watu watacheka kijana mwenye bido kichwani? Wacheke. Maji hayajui kama aliyeyachota ni kijana ao ni musichana.

"Lakini mimi sikusoma"

Mama wengi wanasema: "Miye sijue Kifaransa, nitamusaidia mutoto namna gani?" Mama, kazi yako si kuwa mwalimu wa pili. Kazi yako ni tatu tu, na zote unaweza.

Kwanza, keti karibu. Chagua muchele wako pale, shona nguo yako pale. Mutoto anayeona Mama yuko karibu anajua kwamba kazi yake ina heshima.

Pili, uliza: "Leo mwalimu amefundisha nini? Nielezee kwa Kiswahili." Anayeweza kueleza kwa lugha ya nyumbani ameelewa. Anayeshindwa ataona mwenyewe wapi hajashika, na kesho atauliza mwalimu.

Tatu, fungua kaye. Hata asiyejua kusoma anaona kama ukurasa wa leo umeandikwa ao ni mweupe, kama ni safi, kama wino mwekundu wa mwalimu ni mwingi. Ukiona mwekundu mwingi, usichukue fimbo. Chukua njia ya masomo, uende kumusalimia mwalimu.

Na wewe Baba uliye ku kariere majuma mazima, kabla ya kuondoka piga ule musumari, tafuta kile kibao. Ukipiga telefone nyumbani, usiulize habari ya franga peke yake. Omba mutoto, umuambie: "Nisomee kile uliandika jana." Atangoja ile telefone kuliko mukate.

Kama nyumba ni ndogo kabisa

Kuna nyumba ambazo watu nane wanalala katika chumba kimoja. Hapo jumuiya isaidie. Nyumba tatu ao ine zinaweza kuchagua barza moja, vibao viwili na taa moja. Kila jioni mama mumoja anakaa na watoto, kwa zamu. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuwatazama wadogo, na kwa kufundisha anajifunza. Muombe pia wakubwa wa parokia ao wa kanisa: chumba cha mikutano kinabaki kitupu siku nyingi za juma, na viti viko. Lakini watoto wafike nyumbani mbele ya giza kubwa, na wasichana wasirudi peke yao.

Injili inatuambia kwamba Yesu, akiwa na miaka kumi na mbili, wazazi wake walimukuta hekaluni pamoja na walimu, na kwamba baadaye alirudi nao Nazareti na kukua katika utii. Haituambii meza yake ilikuwa namna gani. Lakini tunajua Yosefu alikuwa seremala, na pahali pa seremala kibao hakikosi. Kile tunachoona wazi ni kwamba mutoto yule, mbele ya kuuliza walimu maulizo, alikuwa amefundishwa nyumbani kusikiliza.

Basi wazazi, juma hili fanyeni jambo moja tu. Si yote. Kibao, ao musumari, ao saa. Juma lijalo muongeze la pili. Na jioni, mutoto akisema, "Mama, nitaandika wapi?", munyooshe kidole na kumujibu: "Pale. Ni pako."

Maulizo ya kuzungumza jioni katika jamaa

1. Katika nyumba yetu, mwangaza wa jua wa jioni unatumiwa kwa kazi gani?
2. Ni nani anayefanya kazi nyingi kuliko wengine wakati wa kuandika? Tunaweza kumupunguzia nini?
3. Batri na taa: nani ni wa kwanza? Tuamue pamoja, watoto wakisikia.
4. Ni mutoto gani wa jirani asiye na pahali pa kuandikia, ambaye tunaweza kumuita akae na wetu?